Mwongozo kamili: Namna ya kupata makala kamili za majarida ya afya ya jamii bila malipo au kwa gharama ndogo

Wafanyakazi wengi wa afya ya jamii hukwama mahali palepale. Huona ikisiri (muhtasari mfupi wa makala) inayowafaa, hubofya kiungo cha jarida, hukutana na ukurasa unaodai dola 30 au zaidi kwa makala moja, kisha hufunga dirisha na kuandika ripoti kwa kutegemea ikisiri peke yake. Wengine hujaribu mara ya pili kwa kubandika kichwa cha makala kwenye mtambo wa kutafutia, huletewa ukurasa uleule wa mchapishaji, na huamua kwamba makala hiyo haipatikani.

Mara nyingi inapatikana. Makala moja huweza kuwa na nakala halali tatu au nne: kwa mchapishaji, kwenye ghala la umma, kwenye hazina ya kidijitali ya chuo cha mwandishi, na kwa mwandishi mwenyewe. Aliyekwama amebisha mlango mmoja tu, tena ule wenye mlinzi. Hatua zifuatazo zinaipanga milango hiyo kuanzia ule unaofunguka upesi hadi ule unaohitaji barua na subira, kwa hiyo zifuate kwa mpangilio wake.

Kutegemea ikisiri si jambo dogo. Ikisiri haionyeshi ni watu gani walioachwa nje ya utafiti, ni wangapi waliojitoa katikati, wala afua, yaani hatua ya kiafya iliyojaribiwa, ilitekelezwa vipi na kwa vifaa gani. Haya ndiyo mambo ambayo mpangaji wa huduma anayahitaji zaidi.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye kivinjari cha Chrome au Firefox. Simu inatosha kwa hatua nyingi, ila si kwa hatua ya 5.
- Anwani ya barua pepe, na ikiwezekana iwe ya kazini, kwa sababu waandishi huijibu kwa urahisi zaidi.
- Programu ya Zotero, ambayo ni ya bure, kwa ajili ya kutunza rekodi na nakala.
- Jedwali la kumbukumbu lenye safu tano: kichwa cha makala, kitambulisho, mahali ulipojaribu, matokeo, na tarehe ya kujaribu tena. Daftari la karatasi linafaa vilevile.
- Jina la mkutubi au mtu anayeshughulikia taarifa katika taasisi yako. Usipomjua, muulize mtu leo, kwa kuwa hatua ya 7 itamhitaji.

## Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

Taja kundi la watu, afua au tatizo, na matokeo unayotaka kuyajua. Kwa mfano: je, kutibu maji ya kunywa nyumbani kunapunguza kuhara kwa watoto wa chini ya miaka 5? Swali la namna hii linakupa dhana tatu za kutafuta, nazo ni kutibu maji, kuhara, na watoto.

Anayeanza na neno moja pana, kama “maji” au “chanjo”, huletewa maelfu ya rekodi na huishia kusoma zile zilizotokea juu, ambazo si lazima ziwe bora.

## Hatua ya 2: Tafuta kwenye PubMed, na usichuje makala za bure kwanza

PubMed ni kanzidata ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, nayo ina rekodi zaidi ya milioni 35. Ieleweke mapema kwamba PubMed ni katalogi. Inatunza vichwa, majina ya waandishi na ikisiri, kisha inakuelekeza mahali makala ilipo. Ghala la makala zenyewe ni PubMed Central, lililofunguliwa mwaka 2000. Majina haya mawili yanafanana, na kuyachanganya kumewafanya wasomaji wengi waamini kwamba kila kilichomo kwenye PubMed ni cha bure, au kwamba hakuna cha bure hata kimoja.

Andika maneno ya utafutaji kwa Kiingereza, kwa sababu rekodi nyingi zimeorodheshwa kwa lugha hiyo. Unganisha dhana zako kwa neno AND, na visawe kwa neno OR, yote mawili kwa herufi kubwa, huku visawe vya dhana moja vikiwekwa pamoja ndani ya mabano. Kwa swali letu la mfano, utafutaji wa kwanza unaweza kuwa hivi:

water purification AND diarrhea AND child

Usiharakishe kuweka alama za nukuu. Maneno yasiyo na nukuu, PubMed huyalinganisha yenyewe na orodha yake rasmi ya istilahi za tiba, na hivyo hukuletea hata makala zilizotumia tahajia au maneno tofauti kwa jambo lilelile. Ukiyafunga kwa nukuu, au ukiweka kinyota mwishoni mwa neno, msaada huo huzimika. Nukuu zina kazi yake pale tu unapotafuta kifungu mahususi.

Jambo linalowaponza wengi zaidi ni kichujio kilichoandikwa “Free full text”, kilichopo pembeni mwa matokeo. Usikibofye katika hatua hii. Kichujio hicho kinatambua makala zilizo huru kwenye ghala la PubMed Central au kwenye tovuti ya mchapishaji, lakini hakioni nakala zilizohifadhiwa na vyuo vikuu, wala zile utakazozipata kupitia taasisi yako au kwa mwandishi. Ukikiwasha mwanzoni, makala muhimu zitatoweka mbele yako bila wewe kujua kwamba zilikuwepo. Baya zaidi ni kwamba ushahidi wako utakuwa umechaguliwa kwa kigezo cha bei badala ya ubora, na hakuna msomaji wa ripoti yako atakayeweza kuligundua hilo.

Vichujio vya kuwasha ni vya aina ya utafiti. Anza na mapitio ya kimfumo, yaani makala zinazokusanya na kupima tafiti zote zilizofanywa juu ya swali moja. Mapitio mazuri yakipatikana, yanakupa jibu la jumla pamoja na orodha ya tafiti zilizochambuliwa, na huenda zikabaki makala mbili au tatu tu za kuzitafuta moja moja.

Dalili ya mafanikio: una orodha ya rekodi kati ya 20 na 200 hivi, na vichwa vya kwanza kumi vinahusu swali lako. Zikiwa maelfu, ongeza dhana nyingine au punguza miaka. Zikiwa chini ya kumi, ondoa dhana moja au ongeza visawe.

## Hatua ya 3: Nakili vitambulisho vya makala

Kuanzia hapa, acha kutafuta kwa kichwa cha makala na utafute kwa nambari. Vichwa hufanana, hufupishwa, na wakati mwingine hubadilika kati ya toleo la awali na toleo lililochapishwa, ilhali nambari haibadiliki. Kuna tatu za kuzijua.

DOI huanza na “10”, nukta, kisha tarakimu nyingine na mkwaju. Hiki ndicho kitambulisho cha makala popote duniani. Ukikiandika baada ya anwani ya doi.org kwenye kivinjari, utafika kwenye ukurasa rasmi wa mchapishaji.

PMID ni nambari ya rekodi ndani ya PubMed. Kila rekodi inayo, kwa hiyo kuwepo kwake hakukuambii lolote kuhusu upatikanaji wa makala kamili.

PMCID huanza na herufi PMC. Ukiiona kwenye rekodi, makala imewekwa kwenye ghala la bure. Ibofye, na mara nyingi safari yako itaishia hapo. Ikiwa muda wa kusubiri uliowekwa na mchapishaji haujaisha, tarehe ya kufunguliwa huonyeshwa.

Angalizo: unaponakili DOI kutoka mwisho wa sentensi, nukta ya mwisho hunakiliwa pamoja nayo, kisha kiungo hukataa kufunguka. Kosa hili ni dogo, lakini limewafanya wengi waamini kwamba makala imeondolewa.

## Hatua ya 4: Bisha kwenye maghala ya umma

Ikiwa rekodi haina PMCID, usiondoke kabla ya kupita Europe PMC. Kanzidata hii ina rekodi za PubMed na makala kamili za PubMed Central, lakini inaongeza nakala za awali, yaani miswada iliyowekwa wazi kabla ya kupitiwa na wataalamu. Bandika DOI au PMID kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha angalia kama kuna toleo lolote linalosomeka.

Tazama pia sehemu inayotaja wafadhili wa utafiti, kwa maana inabashiri mengi. Utafiti uliofadhiliwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani unapaswa kuwekwa kwenye PubMed Central. Chini ya sera iliyoanza kutumika mwaka 2008, mchapishaji aliweza kuuchelewesha kwa hadi miezi 12, na kwa miswada iliyokubaliwa na jarida kuanzia tarehe 1 Julai 2025, ucheleweshaji huo umefutwa. Wellcome na Gates Foundation nao huwawekea watafiti wanaowafadhili masharti ya kutoa matokeo yao kwa umma. Ukiona jina la mfadhili wa namna hii kwenye makala inayodai malipo, jua kwamba yumkini kuna nakala halali mahali fulani, na endelea kutafuta.

Wenye intaneti dhaifu wasome makala hizi kama ukurasa wa kawaida wa wavuti badala ya kupakua PDF. Ukurasa ni mwepesi zaidi, unasomeka vizuri kwenye simu, na majedwali yake hufunguliwa moja moja.

Dalili ya mafanikio: unaona sehemu zote za makala, kuanzia utangulizi na mbinu hadi matokeo na mjadala. Ikiwa unaona ikisiri na orodha ya marejeo tu, bado hujafika.

## Hatua ya 5: Weka Unpaywall kwenye kivinjari

Kama utatekeleza hatua moja tu ya mwongozo huu, iwe hii, kwa kuwa inachukua dakika tano na baada ya hapo inafanya kazi peke yake.

Unpaywall ni kiendelezi cha bure cha kivinjari. Ukifungua ukurasa wa makala kwa mchapishaji, kinasoma DOI yake na kuangalia kwenye orodha yake kama kuna nakala halali iliyo huru popote. Pembeni mwa ukurasa hutokea kichupo chenye picha ya kufuli. Kufuli ya kijani ina maana kwamba nakala ipo, nawe ukiibofya unapelekwa huko moja kwa moja. Ya kijivu ina maana kwamba haikupatikana.

Kufuli ya kijivu haimaanishi kwamba nakala haipo duniani. Inamaanisha kwamba mtambo haukuiona. Hutokea nakala ikawa imewekwa kwenye hazina ambayo haijaorodheshwa vizuri, au DOI ikawa imeandikwa vibaya kwenye ukurasa.

Zotero nayo ina uwezo unaofanana na huo. Ukiingiza rekodi kwa DOI au PMID, unaweza kuiamuru itafute makala kamili, nayo huvipitia vyanzo huria kwa niaba yako. Faida yake huonekana unapokuwa na rekodi 40: unazichagua zote, unatoa amri mara moja, kisha unashughulikia zilizobaki kwa mkono.

Wanaotumia simu, ambazo vivinjari vyake vingi havikubali viendelezi hivi, waende moja kwa moja hatua ya 6.

## Hatua ya 6: Tumia Google Scholar kutafuta matoleo mengine

Bandika kichwa kizima cha makala kwenye Google Scholar, kikiwa ndani ya alama za nukuu. Hapa nukuu zinafaa, kinyume na kwenye PubMed, kwa sababu unatafuta maandishi yaleyale.

Watu wengi hubofya kichwa cha matokeo, na hicho huwarudisha kwa mchapishaji. Kuna sehemu nyingine mbili za kutazama. Ya kwanza ni upande wa kulia wa matokeo, ambako huwekwa kiungo cha PDF iwapo kipo. Ya pili ni mstari mdogo ulio chini ya matokeo, unaotaja idadi ya matoleo ya makala hiyo. Ubofye, na utaonyeshwa kila mahali ambapo makala hiyo imeonekana: hazina za vyuo, kurasa binafsi za watafiti, na tovuti za miradi. Fungua moja baada ya jingine, ukianza na zile zenye anwani za vyuo vikuu.

Hazina za vyuo zinastahili maelezo kidogo. Wachapishaji wengi humruhusu mwandishi kuweka kwenye hazina ya chuo chake mswada uliokwisha kukubaliwa, yaani wenye maneno yaliyokwisha kupitiwa na wataalamu lakini usio na mpangilio wa kurasa za jarida. Kwa kazi ya afya ya jamii, mswada huo unafaa vilevile. Kasoro yake ni kwamba nambari za kurasa hazilingani na za jarida, na majedwali huweza kuwa mwishoni. CORE, kanzidata inayokusanya yaliyomo kwenye maelfu ya hazina hizo, itakusaidia pale Google Scholar inapokosa.

ResearchGate, mtandao wa kijamii wa watafiti, nayo hutokea mara nyingi kwenye orodha ya matoleo. Pale mwandishi alipoweka makala yenyewe, isome. Pale alipoweka ikisiri tu, kuna kitufe cha kumwomba nakala, ingawa barua pepe ya moja kwa moja hujibiwa vizuri zaidi, kama tutakavyoona.

## Hatua ya 7: Ulizia Hinari katika taasisi yako

Huu ndio mlango mkubwa kuliko yote kwa wafanyakazi wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na ndio usiotumika ipasavyo. Hinari ilianzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa mwaka 2002, na leo ni sehemu ya Research4Life, inayounganisha pia programu za kilimo, mazingira, uvumbuzi na sheria. Kupitia kwake, taasisi husoma majarida ambayo vinginevyo yangegharimu fedha nyingi mno.

Nchi zimegawanywa katika makundi mawili. Taasisi za kundi A hupata huduma bila malipo, na za kundi B hulipa ada ya mwaka kwa taasisi nzima. Orodha ya nchi imo kwenye tovuti ya Research4Life, nayo hurekebishwa mara kwa mara, hivyo soma iliyopo leo badala ya kutegemea ulichosikia miaka iliyopita.

Anayesajiliwa ni taasisi, na mtu binafsi hawezi kujisajili peke yake. Vyuo vikuu, hospitali, vituo vya utafiti, ofisi za serikali na mashirika ya ndani yasiyo ya kiserikali ni miongoni mwa zinazokubaliwa. Kabla ya kuomba usajili mpya, ulizia kama taasisi yako tayari imesajiliwa, kwani mara nyingi jina la mtumiaji na nenosiri vimo ndani ya bahasha ya mtu mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza.

Nenosiri likishapatikana, kuna kosa moja linalorudiwa na karibu kila mgeni wa Hinari. Mtu huingia kwenye lango la Research4Life, kisha hufungua dirisha jipya, huandika anwani ya jarida moja kwa moja, na hukuta bado anadaiwa malipo. Mchapishaji hakutambui wewe; anatambua njia uliyopitia. Ingia kwanza kwenye lango, halafu litafute jarida au makala ukiwa ndani ya lango hilohilo, na bofya viungo vilivyomo humo. Usitumie kiungo ulichohifadhi zamani.

Maonyo mawili. Usimpe nenosiri mtu asiye wa taasisi yako, na usipakue toleo zima la jarida kwa mkupuo au kwa programu ya kupakua. Wachapishaji huona upakuaji usio wa kawaida, na huduma inaposimamishwa, husimamishwa kwa taasisi yote. Jingine la kufahamu ni kwamba si kila mchapishaji anatoa kila jarida kwa kila nchi, hasa katika kundi B, hivyo kukosa jarida moja hakumaanishi kwamba akaunti yako ina kasoro.

Dalili ya mafanikio: unaifungua makala ambayo nje ya lango ilidai malipo, na unaisoma hadi mwisho.

## Hatua ya 8: Tafuta pia mahali ambapo PubMed haifiki

Tafiti nyingi zinazogusa utekelezaji wa huduma huchapishwa kwenye majarida ya kanda ambayo PubMed haiyaorodheshi yote. African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, inakusanya mamia ya majarida ya Afrika, na mengi kati ya hayo yanasomwa bure. SciELO, yenye chimbuko lake Brazil, inafanya hivyo kwa Amerika ya Kusini na nchi nyingine. DOAJ ni saraka ya majarida huria, nayo inafaa kwa kutafutia makala na kwa kuthibitishia kwamba jarida fulani ni la kweli.

Jiulize pia kama unachohitaji ni makala ya jarida. Ukitaka kujua kipimo kinachopendekezwa cha dawa ya kutibu maji, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani utakufaa kuliko utafiti mmoja mmoja. Machapisho ya shirika hilo yamo kwenye hazina yake iitwayo IRIS, bila malipo. Majarida kama Bulletin of the World Health Organization, Emerging Infectious Diseases, Eurosurveillance, BMJ Global Health na The Lancet Global Health yako huru kwa kila msomaji, hivyo ukiona kiungo chake kinadai fedha, kuna uwezekano mkubwa kwamba umeingia tovuti isiyo sahihi.

## Hatua ya 9: Mwandikie mwandishi

Njia hii hudharauliwa bila sababu. Watafiti hupenda kazi yao isomwe, hawapati sehemu yoyote ya fedha ambazo mchapishaji angekutoza, na kwa kawaida wana ruhusa ya kumtumia mtu mmoja nakala kwa matumizi yake. Anwani ya mwandishi wa mawasiliano huandikwa kwenye rekodi ya PubMed chini ya taasisi za waandishi, au kwenye ukurasa wa mchapishaji pamoja na ikisiri.

Iandike barua kwa lugha ambayo mwandishi alichapishia, na isizidi mistari sita. Yaliyomo yawe kama haya:

“Mheshimiwa Daktari, mimi ni afisa wa afya ya jamii ninayeandaa mpango wa kupunguza kuhara kwa watoto. Nimesoma ikisiri ya makala yako yenye DOI ifuatayo, na ningependa kuelewa namna mlivyopima matumizi ya dawa ya maji majumbani. Taasisi yangu haina usajili wa jarida hilo. Ningeshukuru iwapo ungenitumia nakala ya makala au mswada uliokubaliwa kwa matumizi yangu ya kazi. Asante.”

Kutaja jambo mahususi kutoka kwenye ikisiri kunaonyesha kwamba hutumi barua ileile kwa watu mia. Usiombe makala kumi kwa pamoja. Ikipita wiki moja bila jibu, mwandikie mwandishi mwingine kwenye orodha. Mwandishi wa kwanza mara nyingi alikuwa mwanafunzi na huenda amehama chuo, ilhali wa mwisho mara nyingi ndiye kiongozi wa kikundi na bado yupo.

## Hatua ya 10: Maktaba, na malipo ikibidi

Maktaba za vyuo vikuu nyingi huruhusu mgeni kusoma majarida ya kielektroniki akiwa ndani ya jengo, na nyingi zina utaratibu wa kuazimana nakala na maktaba nyingine kwa ada ndogo au bila ada. Nenda ukiwa na DOI mkononi, si kichwa kilichoandikwa nusu.

Lipa kwa mchapishaji pale tu hatua zote zilizotangulia zimeshindwa, makala ni ya lazima kwa uamuzi unaokusubiri, na ofisi imekubali kugharamia. Soma masharti kabla ya kulipa, kwani baadhi ya malipo hununua saa 24 au 48 za kusoma tu, bila ruhusa ya kupakua.

Jiepushe na tovuti za kiharamia zinazotoa makala zilizolindwa bila idhini. Mbali na suala la sheria, hujui faili ulilopakua limebeba nini, na kompyuta unayoitumia huenda ndiyo yenye taarifa za wagonjwa.

## Hatua ya 11: Kagua ulichopata kabla ya kukitumia

Hakikisha mambo matatu. Kwanza, ni toleo gani? Nakala ya awali, kama zile za medRxiv, tovuti ya nakala za awali za afya, haijapitiwa na wataalamu, na onyo hilo huandikwa juu yake. Isome kwa tahadhari, na utafute kama imekwisha kuchapishwa kwenye jarida, kwa kuwa takwimu huweza kubadilika kati ya matoleo hayo.

Pili, je, makala imebatilishwa? Rudi kwenye rekodi ya PubMed, ambayo huweka ilani juu kabisa pale makala inapobatilishwa. Nakala ya PDF uliyotumiwa na rafiki haina ilani hiyo, na hili ndilo tatizo kubwa la nakala zinazozunguka kwenye makundi ya simu. Zotero nayo hukuonya iwapo makala uliyoitunza imebatilishwa baadaye.

Tatu, leseni inasemaje? Kusoma bure hakukupi haki ya kunakili majedwali na picha kwenye kitini cha mafunzo. Leseni ya CC BY inaruhusu kutumia na kutafsiri mradi umtaje mwandishi. Ikiwa na herufi NC, matumizi ya kibiashara hayaruhusiwi. Ikiwa na ND, huruhusiwi kusambaza tafsiri wala toleo ulilolibadilisha. Pasipo na leseni yoyote, omba ruhusa.

## Hatua ya 12: Tunza, na weka tarehe ya kurudi

Ingiza kila makala kwenye Zotero papo hapo, ikiwa na DOI yake, na andika kwenye maelezo ulikoipata na ni toleo gani. Akaunti ya bure ina nafasi ya megabaiti 300 ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, ambayo hujaa haraka. Mafaili yaliyobaki yatunze kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje.

Makala uliyoikosa usiifute kwenye jedwali lako. Andika tarehe ilipochapishwa, kisha jaza safu ya mwisho kwa tarehe mbili: miezi 6 na miezi 12 baada ya kuchapishwa, kwa sababu hivyo ndivyo vipindi ambavyo majarida mengi hufungulia makala zake au huruhusu nakala yake kutokea kwenye maghala ya umma. Siku hiyo ikifika, bandika DOI ileile kwenye Europe PMC na ufungue tena ukurasa wa mchapishaji Unpaywall ikiwa imewashwa.